Taa za LED za chini ya maji kwenye boti: maswali ambayo wateja wa Nairobi hutuuliza

Wengi wanaotupigia simu wanaishi Nairobi na boti zao ziko kwingine: Naivasha, Kisumu, Kilifi, Mtwapa, Watamu. Kwa hiyo kazi hii ya kufunga taa chini ya boti ni mipango kabla ya kuwa ufundi. Ukikosa mrija mmoja wa gundi ukiwa Kirinyaga Road, unavuka barabara tu. Ukiukosa ukiwa Watamu, na boti tayari ina shimo chini ya mstari wa maji, safari yote imeharibika. Majibu haya tumeyaandika tukimfikiria huyo mwenye boti aliye mbali na boti yake.

Taa hizi zina kazi gani, au ni urembo tu?

Tusidanganyane, sehemu kubwa ni urembo. Maji yakiwaka buluu nyuma ya boti jioni, wageni wanatoa simu. Lakini kazi zipo. Kamba ikijisokota kwenye rafadha (propela) usiku utaiona bila kujitosa gizani. Anayepanda ngazi ya kuogelea anaona anapokanyaga. Na samaki huja: mwanga huvuta viumbe vidogo vinavyoelea majini, dagaa hufuata, wakubwa hufuata dagaa. Wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria wamevua hivyo miaka mingi, kwanza kwa karabai na sasa kwa taa za LED zenye betri. Tofauti ni kwamba wao huziweka juu ya maji.

Nichague rangi gani?

Swali hili hujibiwa na maji unayoelea, si na macho yako dukani. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ndani ya mita chache tu huwa imekwisha. Buluu ndiyo husafiri mbali zaidi, lakini katika maji maangavu ya bahari. Boti ya Watamu au Kilifi ifungie buluu, hasa kama huitumia wakati wa kaskazi, maji yanapotulia na kuwa safi.

Ziwani mambo hugeuka. Udongo na mwani humeza ile buluu, na kijani ndiyo hupenya vizuri zaidi. Kwa Naivasha na kwa ghuba ya Kisumu sisi hupendekeza kijani, na kila mara kuna mteja anayesisitiza buluu kwa sababu ameiona kwenye video ya Miami. Akiiwasha Naivasha anapata duara dogo lenye ukungu na kudhani ameuziwa taa mbovu.

Nyeupe ina mwanga mwingi, lakini kwenye maji machafu huangaza ule uchafu wenyewe. Zile za kubadilisha rangi kwa rimoti zinafaa kwa boti inayohamishwa kwa trela kati ya ziwa na bahari. Kumbuka tu kwamba kidhibiti chake ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika.

Taa ngapi zinatosha?

Boti ya mita 5 hadi 7 yenye injini moja ya nyuma: mbili, moja kila upande wa injini. Ukiwa na bajeti ndogo, nunua mbili nzuri badala ya nne za bei nafuu. Kila taa ya ziada ni shimo lingine.

Nimeziona LED za gari Luthuli Avenue kwa bei poa. Zitafaa?

Hapana. Zile zimetengenezwa kuvumilia mvua na kuoshwa, si kukaa majini. Angalia alama ya IP, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji. IP67 maana yake kifaa kimepimwa kwa kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30, basi. Taa ya kukaa chini ya boti iwe IP68, na mtengenezaji awe ameandika kina na muda anaouhakikisha. Juu ya hapo kuna chumvi: sanduku la alumini lisilotengenezwa kwa bahari litaanza kuota unga mweupe, na mpira wa kuziba utafuata.

Taa za bwawa la kuogelea nazo huulizwa sana. Nyingi hutumia volti 12 za umeme wa AC kutoka kwenye transfoma, na betri ya boti hutoa DC. Hata zile zinazokubali aina zote mbili hazikutengenezwa kwa maji ya chumvi wala kwa boti inayopiga mawimbi. Na taa yoyote ya volti 240 usiisogeze karibu na maji ambamo watu wanaogelea.

Kuna tofauti gani kati ya taa ya kubandika na ya kupenya?

Ya kubandika hukaa juu ya bodi kwa skrubu na gundi, na shimo pekee linalopita ni la waya. Ya kupenya ina shingo ndefu inayotoboa bodi nzima na kukazwa kwa nati kwa ndani. Mwanga wa ya kupenya huwa na nguvu zaidi, na nyingine hukuruhusu kubadilisha taa kutoka ndani bila kutoa boti majini. Lakini shimo ni kubwa, na ikivuja inavuja kweli.

Kwa boti ndogo zinazokaa kwenye trela tunafunga za kubandika karibu zote. Za kupenya tunawaachia wenye boti kubwa zinazolala majini mwaka mzima, tena wenye nahodha anayefungua ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, kila asubuhi kuangalia.

Zifungwe wapi hasa?

Nyuma, kwenye ubao wa tezi (ubao wa nyuma kabisa wa boti), sentimita 15 hadi 30 chini ya mstari wa maji. Lakini mstari upi? Boti tupu na boti yenye watu 8 na tangi limejaa si boti ile ile. Kabla ya kuitoa majini, ipakie kama unavyoipakia siku ya safari, kisha weka alama ya kalamu ya nta mahali maji yanapofika pembe zote mbili. Irudie ikiwa tupu. Pima kutoka alama ya chini.

Kisha epuka vitu hivi. Usiweke taa mbele ya tundu la kuvutia maji ya injini. Usiiweke mbele ya kihisio cha kutafutia samaki, kwa sababu mapovu yatakayotoka kwenye ukingo wa taa yataharibu usomaji. Usiiweke kwenye mkondo wa maji unaoelekea moja kwa moja kwenye rafadha. Kama una mabawa ya kusawazisha boti, hakikisha hayataifunika yakishuka.

Wa trela, sikilizeni: angalieni roli na mikanda inagusa wapi. Taa iliyochomoza sentimita 2 chini ya bodi itavunjwa na roli ya trela siku ya kwanza ya kupakia, si na bahari.

Mwisho, ingia ndani ya boti na tochi uone kuna nini nyuma ya mahali hapo. Tangi, boriti au kifurushi cha nyaya havionekani kutoka nje. Tunaomba picha za ndani kabla ya picha za nje, na watu hushangaa kwa nini.

Lazima boti itolewe majini? Si tuisubirie maji yakupwe tu?

Hili ni swali la Kilifi na Mtwapa, na tunalielewa. Wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hushuka kwa zaidi ya mita 3, boti inakaa mchangani, fundi anazunguka nayo kwa miguu. Kwa kupaka rangi au kubadilisha zinki (vile vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya boti), inatosha. Kwa taa, haitoshi. Kati ya maji kukupwa na kujaa kuna takriban saa 6, na gundi ya kuziba chini ya maji huhitaji siku. Ukitoboa saa nne asubuhi, ifikapo alasiri bahari imerudi na gundi yako bado laini.

Itoe. Miezi ya kusi, hasa kati ya Mei na Julai, bahari huchafuka na boti nyingi za uvuvi wa kitalii hupandishwa nchi kavu. Huo ndio wakati wa kazi hii, sambamba na rangi ya chini na mambo mengine ambayo ungeyalipia upandishaji vilevile.

Shimo linatobolewaje bila kupasua faiba?

Bandika gundi-karatasi ya kupakia rangi mahali hapo, chora, kisha toboa tundu dogo la kuongoza. Halafu drili yenye msumeno wa duara izungushwe kinyumenyume mwanzoni, meno yakwaruze ile ngozi ya juu inayong'aa hadi ikatike duara safi. Ndipo uigeuze izunguke kawaida. Ukianza moja kwa moja mbele, ngozi hiyo hubanduka vipande pembezoni mwa shimo, na kila kipande ni njia ya maji.

Sasa tazama kile kipande cha duara kilichotoka. Kikiwa faiba tupu, una bahati. Kikiwa na plaiwudi au mbao nyepesi ya balsa katikati, kama tezi za boti nyingi zilivyo, kazi haijaanza. Mbao hiyo ikinusa maji itaoza kimyakimya miaka 3 au 4, kisha injini itaanza kucheza nyuma na wewe utalaumu boliti. Dawa ni kutoboa shimo kubwa kuliko linalohitajika, kulijaza epoksi iliyokorogwa na unga wake wa kuikazia, kuiacha ikauke kabisa, halafu kutoboa tena shimo la kipimo katikati ya epoksi. Waya utapita kwenye epoksi, mbao haitajua kuna shimo. Mashimo ya skrubu vivyo hivyo, hata yakiwa madogo.

Ni siku nzima ya ziada. Fundi akikuambia atafunga taa 2 kwa saa moja, muulize mbao ya ndani ataizibaje.

Gundi ipi?

Si silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi, ile yenye harufu ya siki. Tumia gundi ya boti inayoruhusiwa chini ya mstari wa maji: 3M 4200, 3M 5200 au Sikaflex-291. Ya 5200 ni ya milele. Kuja kutoa taa utang'oa na faiba, na 5200 ya kawaida huchukua siku 5 hadi 7 kukauka kikamilifu. Kwa taa, kitu ambacho siku moja kitabadilishwa, sisi hutumia 4200 au Sikaflex. Kwaruza mahali pa gundi kwa msasa, futa kwa asetoni, paka bila kubania, na usikaze skrubu kupita kiasi, gundi yote ikatoka pembeni. Angalia tarehe ya mwisho kwenye mrija kabla hujaondoka Nairobi. Mrija uliopitwa na wakati huwa mgumu kama fimbo.

Waya wa kawaida wa nyumba hautoshi?

Utawaka, kwa muda. Ukikata waya wa kawaida uliokaa misimu kadhaa kwenye boti ya baharini, utakuta shaba imegeuka nyeusi ndani ya plastiki yake, na ukiikwaruza kwa ukucha inatoka unga wa kijani. Weusi huo hupanda ndani ya waya mbali na mahali maji yalipoingilia, kwa hiyo kukata kipande cha mwisho na kuunga upya hakusaidii. Nunua waya wa boti, wenye nyuzi za shaba zilizopakwa bati.

Unene wake unapigiwa hesabu. Zidisha 2 kwa urefu wa waya kwa mita, kwa ampea, kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene wa waya kwa milimita mraba. Mfano: taa 2 za wati 30 kwenye volti 12 zinavuta ampea 5. Zikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, waya wa 2.5 unapoteza volti 0.35, yaani karibu asilimia 3, na hiyo ni sawa. Waya wa 1.5 unapoteza karibu asilimia 5. Taa za kisasa zitavumilia, lakini tofauti ya bei haifai kuhangaikia.

Fyuzi iwe kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kanuni ya msingi ya ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, inataka ndani ya sentimita 18. Kwa ampea 5 weka fyuzi ya 7.5. Viungo vyote vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na vikae juu, mbali na maji ya ngama. Selotepu ya fundi umeme haina kazi kwenye boti. Acha pia mzunguko wa waya wa ziada ndani, kiasi cha sentimita 30. Atakayebadilisha taa hiyo baadaye atakushukuru.

Zitamaliza betri?

Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 usiitumie zaidi ya nusu, hivyo una Ah 50. Taa zinazovuta ampea 5 zingechukua saa 10, kama kusingekuwa na muziki, friji na pampu. Zipo. Kama unakesha umetia nanga, tenga betri ya kuwashia injini isiguswe na vitu hivi.

Redio yangu inakoroma nikiwasha taa.

Zima taa. Hili si la kuzoea. Saketi ndani ya baadhi ya taa za LED hutoa mawimbi yanayoingilia redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti, na chaneli 16 ndiyo utakayoitia msaada. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilihili. Jipime hivi: weka redio kwenye chaneli isiyo na watu, punguza kelele kwa kitufe chake na uishie pale tu inapotulia, kisha washa taa. Ikianza kukoroma, tatizo ni taa au njia ya waya wake. Utengeni waya huo na ule wa antena. Ikishindikana, badilisha taa.

Kuhusu kutu na zinki?

Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huliwa. Taa ya shaba nyeusi isifungwe moja kwa moja kwenye boti ya alumini. Tumia ya plastiki au yenye kizuizi cha plastiki katikati. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Zinki zenyewe: baharini zinki, maziwani magnesiamu, na alumini hufaa kwa boti inayozurura kote.

Lenzi yangu imefunikwa na vigamba vya baharini baada ya miezi michache.

Pwani yetu ina joto, viumbe hivyo havipumziki. Usipake lenzi rangi ya kuzuia viumbe, utazima mwanga. Ipanguse kila unapoogelea, kwa kitambaa au kipande cha plastiki, usisubiri viwe vigumu. Usitumie kisu.

Naweza kuziwasha boti ikiwa kwenye trela, majirani waone?

Sekunde chache za kujaribu, sawa. Taa nyingi hupozwa na maji yanayoizunguka. Nje ya maji hujipika. Yale maandishi ya saa 50,000 kwenye boksi yanahusu chipu ya LED, si mpira wa kuziba.

Sheria inasemaje?

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 20, zinasema kuanzia jua kutua hadi kuchomoza usionyeshe taa nyingine zinazoweza kudhaniwa ni taa za uongozaji au kuzififisha. Taa hizo ni nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Sasa fikiria maji ya kijani yanayowaka nyuma ya boti inayotembea. Ndiyo maana tunashauri taa za chini ya maji ziwe na swichi yake peke yake na zizimwe boti ikianza safari. Leseni na ukaguzi wa vyombo ni kazi ya Kenya Maritime Authority. Kama nia yako ni kuvua kwa taa, zungumza kwanza na BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya ufuo wako. Na ndani ya hifadhi za taifa za bahari (marine park) kama ile ya Watamu, zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uvuvi hauruhusiwi, uwe na taa au usiwe nayo.

Watamu kuna jambo jingine. Kasa hutaga kwenye fuo zake, na watoto wao wakianguliwa usiku hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Ukitia nanga karibu na ufuo, zima.

Boti yangu iko Naivasha. Nitazitumia usiku?

Ukiwa umefunga gatini, ndiyo. Kuzunguka ziwani usiku, hatukushauri. Viboko hutoka majini kwenda malishoni giza likiingia na hurudi alfajiri, na taa iliyo nyuma ya boti haikuonyeshi kilicho mbele.

Mashua ya mbao je?

Inawezekana, kwa ya kubandika. Toboa katikati ya ubao, kamwe si kwenye mshono uliotiwa kalafati, na weka kipande cha mbao cha kuimarisha kwa ndani. Mbao huvimba ikirudi majini, hivyo kagua skrubu baada ya wiki.

Gharama ikoje?

Hatutaji bei bila kuona picha. Tunachoweza kusema ni kwamba taa zenyewe mara nyingi si mzigo mkubwa kwenye hesabu. Kupandisha boti, siku za kusubiri gundi na nauli ya fundi ndizo zinazoumiza. Ukiunganisha kazi na matengenezo ya kila mwaka, unalipia upandishaji mara moja.

Nikija karakana nilete nini?

Picha ya tezi nzima kutoka nyuma, picha ya ndani ya tezi hiyo, unene wa bodi kama unajulikana, umbali kutoka betri hadi nyuma kwa mita, volti za boti, aina ya boti na mahali inapolala. Kama una trela, picha ya roli zake pia. Zitume WhatsApp kabla ya kuja, ili ukifika tukukatie waya wa kipimo na tukufungie kila kitu kwenye boksi moja.